Chunusi za Mzee wa Kanisa

Baba yangu alipata chunusi akiwa mzee wa kanisa, mwenye wajukuu na meno ya bandia. Hazikuwa vipele vya joto wala kuumwa na wadudu. Zilikuwa chunusi kamili, zenye vichwa vya usaha, zimejaa mashavuni, kidevuni, na nyuma ya shingo pale kola ya shati inapokwaruza. Asubuhi nilipoziona mara ya kwanza nilikuwa nimempelekea chai. Nilimtazama, nikaweka kikombe mezani, nikarudi jikoni kucheka.

Nilikuwa na sababu zangu. Nilipokuwa kidato cha pili uso wangu uliharibika. Zilianza zile nyeusi ndogo za puani, zikafuata nyeupe zisizo na mdomo, kisha nyekundu zenye usaha, na mwisho yakaja yale mafundo ya chini ya ngozi ambayo hayaivi, yanakuuma tu ukilalia shavu. Baba aliamua ugonjwa huo ni wa tabia. Alinipiga marufuku kujipaka chochote, akaniamuru ninawe kwa sabuni ya kipande ile ya kufulia. Wageni wakija, alikuwa akinishika kidevu na kunigeuzia kwao: "Huyu wangu uso wake unaweza kupukuchulia mahindi." Wageni walicheka. Mwaitu, mama yangu, alitazama chini.

Kisha siku ya vijana kanisani Mukuyuni, akapewa nafasi ya kuhubiri. Nilikuwa nimeketi mbele kwa sababu nilikuwa mwanakwaya. Alieleza kwamba chunusi ni mawazo machafu yanayotafuta mlango wa kutokea, kwamba kijana akifanya mambo gizani, Mungu anayaandika usoni mwake ili wazazi wayasome. Hakunitaja. Hakuhitaji. Kwaya nzima iligeuka kunitazama, hata wale waliokuwa na chunusi zao wenyewe.

Nilienda chuo kikuu nikasoma biokemia, na nikijiuliza leo kwa nini nilichagua somo hilo, sioni jibu lingine. Nilijifunza kwamba kuna tezi za mafuta, kuna homoni, kuna bakteria, kuna tundu la ngozi linaloziba. Hakuna mahali katika vitabu vyote vile nilipokuta mawazo. Nilirudi nyumbani na shahada, bila kazi, na mashimo mashavuni. Kwa hiyo ndiyo, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukingo wa meza.

Chanzo cha yote kilikuwa mwiba. Baba anaotesha miche ya michungwa na kuiuza. Kazi yenyewe ni kupanda mlimau wa kienyeji, ule wenye miiba mirefu na mizizi inayovumilia ukame, halafu kuukata shina na kuupandikiza chipukizi la mchungwa mtamu. Amefanya hivyo tangu kabla sijazaliwa, na kisu chake kinapita kwenye gome kama kinavyopita kwenye mafuta. Mwiba mmoja ulimdunga kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Aliunyonya, akautema, akaendelea na kazi.

Baada ya majuma kadhaa kidole kilitoa uvimbe, uvimbe ukapasuka, na ukabaki kidonda kisichofunga. Kisha likatokea fundo jingine kwenye kifundo cha mkono, na jingine juu yake, yakipanda mkono kwa mstari kuelekea kiwiko. Zahanati ilimpa dawa za bakteria mara mbili, bila faida. Nilimburuta mpaka mjini Wote, kwa daktari wa ngozi, mwanamke mkimya aliyekata kipande kidogo cha nyama na kutuambia tusubiri majibu. Majibu yaliporudi alisema ni kuvu, aina inayoishi kwenye udongo na mimea, inayoingia na miiba. Likisha kuingia, alisema, hupanda kwa mishipa, na ukiliacha litakula mkono.

"Mkono wenyewe?" Baba aliuliza.

"Vidole vitakakamaa kwanza. Wewe unafanya kazi gani?"

Baba alikunja kidole akakunjua.

Ini lake liliwahi kuugua vibaya, kwa hiyo daktari aliogopa kumpa vidonge vya kisasa vya kuvu. Akamwandikia dawa ya zamani: maji ya potasiamu iodaidi, matone machache ndani ya maziwa mara tatu kwa siku, yakiongezeka polepole mpaka mwili useme basi. Aliyataja madhara yake mbele yetu sote wawili. Ladha ya chuma mdomoni. Mate mengi. Mafua yasiyo na baridi. Na chunusi.

Baba alicheka. "Mimi? Kwa umri huu?"

"Ndiyo, mzee. Kwa umri wowote."

Nikiwa njiani kurudi nilimweleza zaidi, kwa sababu sijui kunyamaza. Kwamba iodaidi ni ile ile inayotiwa kwenye chumvi ili watu wasiote tezi shingoni. Kwamba watu wa zamani waliitumia kulainisha kikohozi, na kwamba wapasuaji huwapa wagonjwa wa tezi kabla ya kuwakata.

"Kama ni kitu cha chumvi," alisema, "mbona chumvi hainitoi chunusi?"

"Chumvi ina chembe tu. Wewe unakunywa mara mia na mia tena."

"Nyinyi watu wa chuo kila kitu ni kiasi."

Lakini alikunywa. Mwaitu ndiye aliyepasha maziwa, asubuhi, mchana na jioni, na ndiye aliyehesabu matone, maana miwani ya Baba haioni kitu kidogo hivyo. Na mkono ulisikia dawa. Fundo la juu kabisa lililainika, likanywea. Ndipo uso ukaanza.

Nataka nieleze tofauti, kwa sababu ndiyo iliyonishawishi. Chunusi za ujana ni za vizazi mchanganyiko: hapa kichwa cheusi, pale cheupe, hapa moja inaanza, pale nyingine inakauka. Za dawa hutokea zote kwa pamoja, za umri mmoja, na hakuna hata moja nyeusi kati yao. Uso wa Baba ulikuwa hivyo. Ulikuwa kama ukurasa wa kitabu changu cha mwaka wa tatu. Nilimpiga picha kwa simu, nikamtumia daktari, akajibu kwamba ni iodaidi, tusiache dawa, tukiacha kuvu litarudi na nguvu.

Siku ya soko Baba alipanga miche yake kando ya barabara kama kawaida. Niliketi naye kumsaidia kufunga mizizi kwa karatasi za nailoni. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu akaja kununua michungwa. Huyu mama ana sauti ya kuendesha harusi bila kipaza sauti.

"Haiya! Mzee, hiyo ni nini uso? Umebalehe?"

Wenye vibanda vya jirani waligeuka.

"Ni dawa," Baba alisema. "Ya mkono."

"Dawa ya mkono inaotaje usoni?"

"Nakunywa na maziwa."

"Wewe, mzee, dawa ya mkono inapakwa mkono." Akawageukia wenzake. "Ama ni dawa ya kitu kingine? Sisi si watoto, tuambie. Ile ya kurudisha mzee darasani?"

Kicheko kilikimbia mpaka upande wa wauza ndizi. Kijana wa kuuza mitungi ya maji akapaza sauti, "Mzee, nipee mbili!" Baba aliendelea kufunga mizizi. Masikio yake yalikuwa mekundu kuliko mashavu. Nilingoja niisikie ile furaha ya jikoni ikinirudia, na ilirudi, ila sasa ilikuwa na uchungu pembeni, kama maziwa yanayoanza kulala.

Jumapili mbili hazikupita kabla habari haijaota mikono na miguu. Walisema ana msichana. Walisema msichana huyo ni wa umri wangu. Walisema ndiye anayempa vidonge vya nguvu, na vidonge ndivyo vinavyotoka usoni. Hakuna aliyekuwa amebuni nadharia hii upya. Baba mwenyewe ndiye aliyewafundisha, miaka ile, kwamba Mungu anaandika usoni. Wao walikuwa wanasoma tu.

Wazee wenzake wakamwita kikaoni nyuma ya kanisa baada ya ibada. Nilimsindikiza nikiwa na picha, na jibu la daktari kwenye simu, na maelezo yangu yote. Mchungaji, kijana anayenizidi miaka michache tu, akanisikiliza kwa adabu kubwa. Nilisema kuhusu kuvu. Nilisema kuhusu tezi za mafuta. Mzee mmoja alisinzia.

"Dada yetu," mchungaji alisema nilipomaliza, "asante. Tunaheshimu masomo. Lakini hapa hatuulizi habari ya ngozi. Tunauliza habari ya moyo."

"Ila mmeanzia kwenye ngozi."

"Mtoto ana mdomo," alisema mzee aliyekuwa amesinzia, macho bado yamefungwa.

Hawakutoa hukumu. Walimpa Baba muda wa kutafakari, na kwa muda huo wakamwomba asisome maandiko mbele wala kugawa meza ya Bwana. Nilijua maana yake. Katika kanisa letu dhambi ina utaratibu wake: unakiri mbele ya watu, unawekwa chini ya nidhamu, unakalia benchi la nyuma msimu mmoja, kisha unarudishwa kwa wimbo na kushikwa mikono. Wazinzi wamepita kwenye benchi lile. Walevi wamepita. Mwanakwaya mmoja alipita mara mbili. Ila ugonjwa usiojulikana hauna benchi. Mtu mwenye uso usioelezeka hukaa mahali pake pa kawaida, na watu husogea.

Baba aliacha dawa. Hakutuambia. Niligundua kwa sababu Mwaitu aliniambia mbwa amenenepa. Maziwa yalikuwa yanamwagwa nyuma ya ghala. Uso ulianza kutulia, na wakati huo huo fundo la kwenye kifundo lilijaa tena, likapasuka, likatoa maji ya rangi ya chai. Nilimkuta kwenye kitalu anajaribu kupandikiza. Kidole cha shahada hakikukunjika. Kisu kiliteleza, kikapasua shina la mlimau mpaka chini, akalitupa, akachukua jingine, nalo likapasuka.

"Rudia dawa," nilimwambia.

"Nikirudia, nitakuwa nani kanisani?"

"Na usiporudia utashika kisu kwa meno?"

"Wewe huogopi kitu."

"Naogopa kulisha mtu mzima kwa kijiko."

Nilikusudia kuwa mkatili, kwa sababu upole ulikuwa umeshindwa. Aliutazama mkono wake. Siku hiyo alirudia matone. Chunusi nazo zikarudi, nyingi kuliko za kwanza, mpaka kwenye kope.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama bila kuitwa. Mwaitu alikuwa upande wa akina mama, amevaa ile sare yao ya bluu na kitambaa cheupe. Mimi nilikuwa karibu na dirisha. Baba alishika mgongo wa benchi kwa mkono mzuri, akasema amekuwa na mwanamke huko Wote, mwanamke anayeuza viatu vya mitumba, na kwamba anaomba msamaha wa Mungu na wa kanisa.

Sijawahi kusikia kanisa likipumua hivyo. Ilikuwa pumzi ya watu walioletewa jibu. Mwenyekiti wa akina mama alikuwa wa kwanza kulia. Wazee walimzunguka, wakamwekea mikono mabegani, hata yule wa kusinzia. Uso ule ule waliokuwa wakiukwepa sasa waliukumbatia, chunusi kwa shavu. Kisha akatembea mwenyewe mpaka benchi la nyuma, akaketi, na nikaona mabega yake yakishuka. Alikuwa amepata mahali pa kukaa na dawa yake.

Tulirudi nyumbani watatu. Mwaitu alipasha maziwa. Alihesabu matone. Akayaweka mbele yake.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

Baba alicheka kidogo. "Mama watoto, hakuna mtu. Unajua hakuna mtu. Nilitaka wanyamaze."

"Mpe jina basi. Watu wataniuliza."

"Hakuna mtu, nimekwambia."

"Umewapa kazi anayofanya, ukashindwa na jina?"

Alikunywa maziwa yake. Nilianza kumweleza Mwaitu upya, tangu mwanzo, kuvu na tezi na chunusi za umri mmoja. Aliniacha niseme mpaka mwisho huku akiosha sufuria.

Sasa nitasema jambo nililofanya juma lile, nami silitetei wala silijutii. Nilienda Wote. Nilizunguka sehemu yote ya viatu vya mitumba, kibanda kwa kibanda, nikiuliza kama wanamjua mzee mwenye miche ya machungwa. Nilikuwa na uhakika wa sababu ya uso wake kuliko ninavyokuwa na uhakika wa mambo mengi. Lakini iodaidi inaeleza chunusi tu. Haielezi kwa nini mtu anayetunga uongo achague viatu, si mboga, si nguo. Iwapo naihoji imani ya wengine, niihoji na yangu. Akina mama wa viatu walinicheka. "Unatafuta baba ama unatafuta mume?" mmoja akaniuliza. Mwingine alisema wazee wote wa machungwa anawajua, na wote ni wake. Sikupata kitu. Kutopata kitu si ushahidi wa kitu.

Mwaitu alijua. Sijui nani alimwambia. Kutoka Wote hadi Mukuyuni habari hazihitaji nauli. Nilimkuta anapanga nguo zake kwenye mkoba.

"Ulienda kumtafuta," alisema.

"Nilitaka kuthibitisha hayupo."

"Wewe umesoma. Wewe ulimwona daktari kwa macho yako. Wewe ndiye umenifundisha ni dawa, na mimi mwenyewe ndiye nilikuwa natia matone. Na bado ulienda kutafuta." Alikunja leso, akaikunja tena ikawa ndogo. "Sasa hao wengine? Kila nikienda bombani nitaonewa huruma. Huyo mwanamke hayupo, lakini mimi ndiye nitakaa naye."

"Alisema hivyo aokoe mkono."

"Najua. Wake aliuokoa."

Alienda kwa kaka yake huko Kabati, upande wa Kitui, alikozaliwa. Baba alidhani atarudi baada ya juma moja. Nilianza mimi kupasha maziwa.

Mkono ulipona. Mafundo yalinywea moja baada ya jingine kutoka kiwikoni kushuka, kidonda kikafunga, kidole kikakunjika. Daktari akamwongezea muda wa matone ili kuvu lisirudi, kisha akamwachisha. Baada ya kuachishwa, uso ulitakata taratibu, kama alivyosema utatakata. Msimu wake wa benchi la nyuma ulikuwa umeisha karibu na hapo. Siku ya kumrudisha, mchungaji alimsimamisha mbele na kumgeuza kushoto na kulia.

"Mwoneni," alisema. "Alipoficha dhambi, ilimtoka usoni. Alipokiri, ngozi imekuwa ya mtoto."

Wakapiga makofi. Niliinuka nikatoka nje nikatapika kando ya choo, na sitaki mtu aseme ni chakula.

Yangeishia hapo, ningesamehe. Lakini vijana wakamwomba ushuhuda. Akakubali mara moja, akaitwa makanisa jirani, na kila alipoitwa mwanamke wa viatu alizidi kukua. Akapata nyumba ya kupanga. Akapata cheko la kuvunja watu mbavu. Akapata gauni la manjano. Nilimsikiza Baba akisimulia na nikagundua kwamba anaifurahia hadithi. Kwamba katika maisha yake yote ya miche na vikao, huyu ndiye mtu wa kwanza aliyemtunga mwenyewe. Mtu akarekodi ushuhuda mmoja kwa simu. Ukasambaa kwenye makundi ya kanisa, ukavuka mpaka Kabati.

Mwishowe alinituma. "Nenda umlete mama yako. Mwambie nimepona."

Nilimkuta Mwaitu uani kwa mjomba, anapepeta ndengu kwenye ungo. Alikuwa amenenepa kidogo. Wifi yake alituletea chai kisha akakaa mlangoni kusikiliza bila kujificha.

"Amenituma," nilisema.

"Gauni la manjano," Mwaitu alisema. "Ameliwaza vizuri. Mimi hajawahi kuninunulia la manjano."

"Hayupo, Mwaitu."

"Usinirudishie shule." Alirusha ndengu, maganda yakapaa, mbegu zikarudi. "Mkono wake ukoje?"

"Umepona kabisa. Anapandikiza. Vidole vyote vinakunjika."

"Hata kile cha shahada?"

"Hata hicho."

"Anaweza kushika kisu?"

"Anaweza."

"Na mwiko?"

Sikuelewa mara moja. "Nadhani. Ndiyo."

"Basi ajipikie," alisema, na wifi yake mlangoni akacheka mpaka chai ikamwagika.